Robo Saa ya Kiti Kitupu

Viatu ndivyo vilivyomshtua kwanza. Jozi thelathini na moja zilikuwa zimepangwa nje ya mlango wa ukumbi, zote zimeelekea ndani, na buibui alikuwa ametanda utando wake kutoka ndala moja hadi nyingine. Perusi Semkiwa akaweka begi chini, akachutama, akaokota kandambili za bluu ambazo mkanda mmoja ulikuwa umeshonwa kwa uzi mweupe. Alizijua. Zilikuwa za dada yake Damari, mtu asiyetupa kitu. Akapitisha kidole juu ya soli. Vumbi likatoka nene kama unga.

“Hivi viatu viko hapa tangu lini?”

Bwana Mhando, meneja wa kiwanda cha Mshipa Bora, alikuwa nyuma yake akichezea kitambulisho kilichoning'inia shingoni. “Tangu kabla ya Pasaka, mama.”

“Leo ni tarehe kumi na mbili Julai.”

“Ndiyo.”

“Na wenye miguu wako wapi?”

“Wamo ndani. Wanakula vizuri, wanaogeshwa, nesi yupo kutwa. Hakuna aliyelala njaa.”

“Sijakuuliza habari za chakula. Fungua.”

Alikuwa ametoka Dodoma jana yake, baada ya kupokea ujumbe wa dada yake wenye maneno manne tu: Njoo utazame kiti chako. Mtoto alimwacha kwa jirani, akamwambia atarudi Jumapili. Begini alikuwa na magauni mawili, khanga na futi ya kupimia. Alifikiri anakuja kurekebisha kiti.

Akavua viatu vyake, akavipanga mwishoni mwa mstari, akaingia.

Ndani kulikuwa kuzuri. Hilo lilimuuma kuliko angekuta uchafu. Mwanga uliingia kwa juu, ukatua juu ya meza bila kumpiga mtu machoni, vilevile alivyouchora miaka minane iliyopita. Meza zilikuwa na umbo la nusu mwezi, kila moja imekatwa kwa kimo cha kiwiko cha mwenyewe. Hewa ilinukia mkonge mbichi. Wanawake walikaa katika duara tatu, miguu imenyooka mbele, kama wanavyokaa jamvini wanaosuka ukili, na nyuma ya kila mgongo kulikuwa na egemeo.

Perusi ndiye aliyelibuni. Mama yake alisuka mikeka maisha yake yote akiwa amekaa chini, mgongo hauna kitu nyuma yake, na alipokufa ilibidi jeneza litengenezwe refu kwa kwenda juu kwa sababu mgongo ulikataa kunyooka. Perusi akaenda chuo kusomea ubunifu wa samani akiwa na wazo moja tu kichwani. Akapata stashahada yake, akaanza kutafuta kiti kitakachomfuata mtu badala ya mtu kukifuata kiti. Akakipata kwenye mkonge: nyuzi zilizosukwa pamoja na ukungu ulio hai, unaokunywa maji ya chumvi na kuota taratibu kumzunguka anayekaa. Ndani ya siku arobaini egemeo linakuwa limemjua mtu wake: linajua bega lipi liko chini, pingili ipi inauma, anavyovuta pumzi. Linatoa mbavu kama kumi na mbili zinazomshika kiunoni na ubavuni. Hapo husemwa limekomaa.

Mshipa Bora walilitaka mara moja. Kazi yao ilikuwa kusuka mishipa ya damu kwa ajili ya mioyo mibovu. Mashine ziliweza kusuka mshipa ulionyooka, lakini panapogawanyika matawi palizishinda, na wasuka ukili wa Korogwe hapakuwashinda. Wakalipa, wakajenga ukumbi, Perusi akaupanga, akaondoka. Damari alikuwa wa kwanza kuomba kazi. Alikaa kwenye kiti cha mdogo wake kwa majivuno makubwa.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba.” Damari alivuta pumzi. “Umenenepa.”

“Na wewe umekonda.”

“Nimekonda. Ningepata wapi nafasi ya kunenepa humu?”

Alikuwa akisema maneno machache, anapumzika, anaendelea. Perusi alipomkaribia akaona jambo ambalo hakuwahi kulichora. Mbavu za egemeo zilikuwa zikipanda na kushuka. Kifua cha dada yake hakikuwa kikizisukuma. Mbavu ndizo zilizokuwa zikikivuta kifua.

“Linakupumulia,” Perusi alisema.

“Tangu mwezi wa tano.”

Kisha Damari akataka kukohoa. Kikohozi kilianza chini, kikapanda, kikafika mahali kikakosa nguvu ya kutoka. Macho yakajaa maji. Mikono haikuacha kusuka.

Mwanamke wa kushoto kwake alinyoosha kidole cha mguu, akamgusa Damari unyayoni, kwa kuwa hapo ndipo alipoweza kufika. Aliitwa Mwanjaa, mjane mnene mwenye sauti ya sokoni. “Karibu, fundi,” alimwambia Perusi. “Lakini usitusimamie hivyo kama umekuja msibani. Sisi si maiti. Maiti ana raha, analala chali.”

Wanawake wa duara lile wakacheka. Kicheko kilitoka kwa pamoja na kukatika kwa pamoja, kwa sababu mbavu za viti vyote zilishuka kwa wakati mmoja.

*

Nesi wa kiwanda alimchukua Perusi pembeni na kumweleza waziwazi. Damari alikuwa na usaha kwenye pafu. Dawa peke yake zilishindwa. Alihitaji kulazwa hospitali ya wilaya, alazwe kifudifudi, aingizwe mrija, anyonywe usaha ule, apewe mashine ya kupumua mpaka kifua chake kikumbuke kazi yake. “Akibaki amekaa hivi, nampa wiki moja. Pengine siku tano.”

“Basi anyanyuke. Ambulensi si ipo?”

“Ipo. Waulize wenyewe kwa nini hanyanyuki.”

Mwanjaa ndiye aliyejibu. Alipandisha blauzi, akamwonyesha plasta pana chini ya titi. “Juzi alitolewa. Alitolewa vizuri, na watu wanne, akafika mlangoni. Robo saa ilipoisha tu, viti vyote vikaanza kumtafuta. Vinabana, vinaachia, vinabana. Mimi nimevunjika ubavu. Yule Saumu pale alizimia, midomo ikawa ya bluu. Dada yako akasema nirudisheni. Wakamrudisha, vikatulia.”

“Viti haviwezi kutafuta mtu,” Perusi alisema. “Kila kimoja kinamjua mwenyewe tu.”

“Wewe ndiye unayesema.”

“Nimevitengeneza mimi, Mama Mwanjaa.”

“Ndiyo. Ila hukuvikalia na sisi.”

Akaweka chini mshipa aliokuwa akiusuka ili mikono iwe huru kueleza, na jirani yake akaunyakua papo hapo, akaendelea pale pale alipoishia bila hata kutazama. Perusi akaona. Akaelewa kabla hajaambiwa.

Egemeo alilipa kinga. Kila baada ya saa saba za mtu yule yule, mbavu hulegea kwa saa nzima, mwenye kiti ajishike mwenyewe, misuli isije ikalala. Aliiita saa ya kujishika, akaiandika kwa herufi kubwa kwenye kitabu cha maelekezo. Ila saa hiyo mgongo unatetemeka, na mgongo ukitetemeka mkono unatetemeka, na mshipa wenye matawi ukiachwa katikati nyuzi zinajikunja, kazi ya siku mbili inatupwa. Sasa wasuka ukili hufanya nini mmoja akiitwa na mtoto au na jungu linaloungua? Hakuna anayeacha ukili chini. Wa jirani anasogea, anakaa pale pale, anaendeleza. Perusi alizaliwa katikati ya mambo hayo. Alitambaa juu ya ukili wa watu watano akiwa hajajua kusema.

“Mkawa mnahamiana viti,” alisema.

“Ikifika saa ya saba tulikuwa tunazunguka, kabla migongo haijakataa kusimama. Mimi kwa Damari, Damari kwa Saumu, Saumu kwangu. Kiti kinaanza kuhesabu upya, hakilegei. Kazi haiharibiki.” Mwanjaa alimtazama kwa namna ya mtu anayesubiri kusifiwa, kisha kwa namna ya mtu anayejua kwamba hatasifiwa. “Tulijua tumekushinda akili.”

Miaka saba walizunguka hivyo. Hakuna mgongo uliowahi kujishika. Na chini ya sakafu, ambako mizizi ya viti vyote ilikutana ili vigawane chakula, viti vilijifunza kwamba hakuna huyu wala yule. Kuna mwili mmoja wenye migongo thelathini na moja. Mmoja akikosekana, ni kama mkono umekatika.

“Meneja alijua?”

“Alituletea keki,” Mwanjaa alisema. “Mwaka ule hatukutupa hata mshipa mmoja.”

*

Ofisini kwa Mhando kulikuwa na kiti cha kawaida cha mbao. Perusi alikikataa, akasimama.

“Nataka kuvikausha,” alisema. “Taratibu. Tunapunguza maji ya chumvi kidogo kidogo, wanafanyishwa mazoezi, wanatoka wote. Miezi sita.”

“Na dada yako?”

Miezi sita ilikuwa haimfai Damari, na wote wawili walilijua hilo.

“Unaweza kuvikausha vyote leo,” Mhando alisema. “Kiganja chako kimesajiliwa kwenye mtambo unaonywesha viti. Mimi sina ruhusa, wewe unayo.”

Ni kweli. Mbunifu ndiye peke yake aliyeachiwa amri hiyo: unaweka kiganja, unashikilia kwa dakika tatu, ukungu unakufa, mbavu zinafunguka. Alikuwa ameshamuuliza nesi. Nesi alikuwa amehesabu kwa vidole. Kati ya thelathini na moja, kumi na mmoja angeweza kuahidi kwamba watapumua wenyewe. Waliobaki wangehitaji mashine papo hapo, na mashine zilikuwa mbili.

“Nimewapigia wenye kiwanda mara tatu,” Perusi alisema.

“Wamekujibu nini?”

“Wamepokea maoni yangu.”

“Na mimi walipokea yangu. Polisi pia walikuja, mama, nisikufiche. Wakazunguka, wakatafuta kufuli, wakatafuta kamba. Wakauliza, kuna aliyefungwa? Wanawake wakasema hapana. Wakapewa soda, wakaondoka.”

Perusi alikuwa mtu wa kumaliza mambo. Mfereji ukiziba hupiga simu mara moja, ya pili anakwenda na spana mwenyewe. Sasa alijikuta ameshika ukingo wa meza ya mtu, akiutazama kama ungeweza kumwambia kitu, na akaona kwamba pembe yake haikupigwa msasa vizuri. Ndicho kitu pekee mle ndani alichoweza kukirekebisha.

“Njia ipo,” Mhando alisema, akishusha sauti. “Kiti hakitaki Damari. Kinataka mtu. Akiingia mwingine ndani ya robo saa, vinatulia. Tumeshafanya hivyo na watu wa kijijini, ila wamegoma. Kuna binti alikuwa akishikilia nafasi, leo saa moja, kesho saa mbili, siku zikafika arobaini, kikamkomalia, sasa hapumui bila hicho kiti. Naye yumo. Tangu hapo hata mpishi wangu hataki kupita karibu.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo nimeleta mtu kutoka mbali. Yuko nje.”

Kwenye benchi la nje, mkabala na mlango wa ukumbi, alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, godoro jembamba limekunjwa miguuni pake na birika limefungwa juu yake kwa kamba.

“Anajua?”

“Amesaini.”

“Nimekuuliza anajua?”

“Karatasi zina kurasa arobaini, mama. Nani anasoma?”

*

Mwanamke yule aliitwa Mama Njiku, kutoka Manyoni. Alipomwona Perusi alisogea, akapangusa benchi kwa kiganja ili mwenzake akae.

“Wewe ndiye fundi mwenyewe? Asante sana. Nimeambiwa viti vya hapa vinatibu mgongo.”

“Havitaumiza mgongo wako,” Perusi alisema. Neno kwa neno ilikuwa kweli.

“Wangu umekwisha. Ndoo za maji hizi, tangu utoto. Nikiinama kuwasha moto lazima mtu aje aniinue.” Alicheka. “Wanangu wananiita kisima, kwa kuwa nikishuka sipandi.”

Kupitia mlango uliokuwa wazi Perusi aliweza kumwona Damari. Alikuwa akijaribu tena kukohoa. Nesi alikuwa amemwekea kitambaa mdomoni, anasubiri, na kitambaa kinarudi kikavu.

Hakuna aliyemwomba Perusi aseme uongo. Alitakiwa anyamaze tu. Atembee na mama huyu hatua ishirini, ambulensi ipo uani, kufikia mchana dada yake angekuwa amelazwa kifudifudi. Alihesabu zile hatua. Alizihesabu mara ya pili.

“Wanao wangapi?” aliuliza, na papo hapo akajuta kuuliza.

“Wanne. Wa mwisho anaanza shule mwakani. Wako na bibi yao, si muda mrefu.”

Perusi akamwambia yote. Alimwambia haraka, bila kupamba, kama anavyowaambia wateja kwamba kabati lao limeliwa na mchwa: mbavu, siku arobaini, mzunguko, robo saa. Mama Njiku alisikiliza akiwa ameshika kamba ya birika lake.

“Sasa mbona mlikitengeneza?” aliuliza mwishoni.

“Mama yangu alikuwa anaumwa mgongo.”

Mama Njiku aliitikia kwa kichwa, pole pole, kama mtu aliyepewa jibu la kutosha. Hakuinuka. Alitazama kule ndani, akamtazama mwanamke mwenye kitambaa mdomoni.

“Na mimi nisipokaa, atakaa nani?”

Hapo ndipo hesabu ilipomjia Perusi, safi, imekaa sawa, kama mchoro uliokubali.

“Kiti kinahitaji siku arobaini kumjua mtu,” alisema. “Nikikaa thelathini nikatoka, hakijanijua. Akakaa mwingine thelathini, naye akatoka. Watu sita. Hiyo ndiyo miezi sita yenyewe. Mimi nikiwa humo ndani hawawezi kunifukuza, kiganja ninacho, naanza kuvikausha taratibu leo leo. Wote wanatoka.”

“Wewe mwenyewe?”

“Mimi wa kwanza.”

Mama Njiku alifikiri. “Thelathini zako zikiisha, nitakaa mimi. Ila mimi nihesabie ishirini na tano, sipendi kukaribia mwisho. Na usinidanganye tarehe.”

“Sikudanganyi.”

“Huna mtoto wewe?”

“Ninaye. Tumsifu. Ana miaka minane.”

“Mpigie kwanza,” Mama Njiku alisema.

Perusi alipiga. Ilikuwa saa tano, mtoto yuko darasani, simu ya jirani ikalia hadi ikakatika. Akamtumia mwalimu wa mtoto ujumbe amwambie kwamba atachelewa kidogo.

*

Damari alikataa. Alikataa kwa maneno mawili mawili, na mbavu zikampa pumzi ya kukataa tena. “Una mtoto. Mdogo. Toka hapa.”

“Siku thelathini, dada. Nimeshapiga hesabu.”

“Hesabu zako.” Alipumzika. “Ndizo zimetuweka.”

“Basi zitawatoa. Mama Mwanjaa, mshikie huo mshipa.”

“Nimeshaushika,” Mwanjaa alisema.

Walimtoa saa tano na nusu, watu wanne, machela imewekwa ubavuni kabisa. Perusi hakusubiri hata dakika moja ya robo saa yake. Alisukuma begi lake chini ya meza, akakunja gauni, akaketi mahali ambapo bado palikuwa na joto la dada yake, akanyoosha miguu mbele. Kila egemeo lilikuwa na shanga kubwa kwenye mkono wa kiti, ya kahawia likiwa linajifunza, ya kijani likiwa limekomaa. Aliona shanga ya kiti cha Damari ikififia kijani chake na kugeuka kahawia. Sawa. Alikuwa ameitengeneza ifanye hivyo. Siku ya kwanza.

Mbavu zikamjia, na akajiandaa kupapaswa. Egemeo lisilomjua mtu hupapasa siku nyingi, linagusa na kurudi, kama mtu anayetafuta kitasa gizani.

Halikupapasa. Lilifunga kama mwenye nyumba anavyofunga mlango wake, bila kutazama, mbavu zote kumi na mbili kwa mara moja, kila moja mahali pake. Mgongo ukaacha kuuma. Ulikuwa ukimuuma tangu alipojifungua, miaka minane, hadi alikuwa amesahau kwamba yale ni maumivu, na sasa yalizimika kama taa. Machozi yakamtoka kwa raha kabla ya kitu kingine chochote.

Kisha akatazama chini.

Mbavu za juu zilimbana sawasawa. Za chini hazikugusa tumbo lake. Zilipinda kwenda nje na kuacha nafasi ya mviringo mbele yake, nafasi tupu, yenye ukubwa wa mimba ya miezi saba.

Alikumbuka karakana yake ya Tanga. Viti vyote thelathini na moja vilikatwa kutoka egemeo moja la kwanza, na aliyelikalia lile la kwanza ni yeye, miezi minne, mjamzito, akichora ukumbi huu huku limemshika. Vipandikizi vilitakiwa vioshwe siku nzima kwa maji ya chumvi, vimsahau aliyetangulia. Malori yalikuwa yakimngoja, miguu ilikuwa imevimba. Aliviosha saa tatu. Vikaota vizuri, vikawakubali wanawake wote, akaona mambo yamekwisha.

Havikumsahau. Vilikuwa vikimngoja tu.

“Fundi,” Mwanjaa alisema pembeni yake, na safari hii hakukuwa na mzaha sautini. “Shanga yako.”

Ilikuwa ya kijani. Zote zilikuwa za kijani, duara zote tatu, na zilikuwa zikiwaka kuliko zilivyokuwa asubuhi. Mbavu za viti thelathini na moja zikashuka kwa pamoja, na kifua cha Perusi kikashuka nazo. Alijaribu kukizuia, aone tu. Hakikuzuilika. Alijaribu tena kwa nguvu zaidi, na mbavu zikamsubiri kwa upole, kisha zikaendelea.

“Niiteni meneja,” alisema. “Nesi. Nipelekeni kwenye mtambo, nina robo saa, nikiweka kiganja—” Saumu alikuwa akimtazama kutoka duara la pili, mwanamke yule aliyegeuka bluu. Wengine pia walikuwa wakimtazama. Walikuwa wanajua mashine ni mbili.

Mlangoni machela ilisimama. “Viatu vyangu,” Damari alikuwa akisema. Mtu akainama, akavikung'uta vumbi, akamwekea zile kandambili za bluu kifuani. Damari akazishika kwa mikono miwili. Akageuza kichwa kumtazama mdogo wake, na Perusi akampungia mkono, akatabasamu kama mtu mwenye siku thelathini. Machela ikatoka. Mlango wa ambulensi ukafungwa. Mama Njiku alikuwa amebaki amesimama kizingitini na birika lake, akihesabu kitu kwa vidole.

Ndani ya begi, chini ya meza, simu ikalia. Ikakata, ikacheza ujumbe kwa sauti, kama alivyoipanga ifanye mikono yake inapokuwa na kazi.

“Mama, ni mimi. Nimetoka kula. Mwalimu kaniazima simu. Umesema utachelewa kidogo, kidogo ni Jumapili jioni au ni Jumatatu? Niambie, maana Jumatatu nina mchezo, mimi ni simba. Haya.”

Begi lilikuwa mbali na mkono wake kiasi cha shibiri mbili. Yeye ndiye aliyepima nafasi ile, kati ya kiti na meza, ili mtu asijikwae.

“Usiuache ujikunje,” Mwanjaa alisema taratibu, na kumwekea mshipa wa Damari mapajani, katika ile nafasi tupu, mahali ambapo matawi mawili yalikuwa yakianza kuachana. “Shika hapa. Huu uzi unapita juu.”

Perusi akapangusa macho kwa bega. Alikuwa hajasuka tangu utotoni. Akatafuta, akaona ulipoishia, akaingiza kidole pale dada yake alipotoa chake.